Dhahabu ya Madrid, foleni ya Hyderabad

Tarehe 19 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro, Carolina Marín wa Uhispania alimfunga P. V. Sindhu wa India 19–21, 21–12, 21–15 na kuwa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya Asia kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika badmintoni. Huku kwetu habari ilipita upesi, maana wiki ile macho yote yalikuwa kwenye riadha. Lakini mtu anayetaka kujua wachezaji wa juu wa mpira wa vinyoya wanapikwaje hana kisa bora cha kuanzia. Kila upande wa wavu ulikuwa na njia yake ya kumtengeneza mchezaji, na njia hizo hazifanani hata kidogo.

Marín alikuwa mradi wa mtu mmoja: nchi isiyojali mchezo huu, binti mmoja, kocha mmoja na kundi dogo la wataalamu waliomzunguka. Sindhu alitoka katika kituo cha Hyderabad, India, ambamo watoto hupigana vikumbo kila asubuhi kugombea nafasi ya kiwanja. Niseme mapema ninakosimama: Madrid walishinda mechi ile, Hyderabad wakashinda miaka iliyofuata, na kipaji si sababu kubwa ya tofauti hiyo.

Binti wa Huelva

Huelva ni mji wa bandari kusini-magharibi mwa Uhispania, jimbo la Andalusia. Ukiutaja kwa Mhispania atakutajia soka, kwa sababu Recreativo de Huelva, iliyoanzishwa mwaka 1889, ndiyo klabu kongwe kuliko zote nchini humo. Badmintoni ilipoanza kugombewa medali kwenye Olimpiki mwaka 1992, mashindano yalifanyika Barcelona, ndani ya Uhispania hiyohiyo, na medali zote zikapanda ndege kurudi Asia isipokuwa moja ya shaba iliyochukuliwa na Mdenmark. Wenyeji walikuwa watazamaji tu.

Marín alizaliwa mwaka uliofuata, 1993. Utotoni alicheza ngoma ya flamenko, na alipofika umri wa miaka minane hivi rafiki yake akamwonyesha raketi. Akaanza kucheza katika klabu ya mtaa wa La Orden. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Kila nchi ina watoto waliovutwa na rafiki kwenda kujaribu mchezo. Mambo yalibadilika alipofika miaka 14. Aliondoka nyumbani akahamia Madrid, kwenye kituo cha taifa cha wanamichezo wa kiwango cha juu, akaishi bwenini na kufundishwa na Fernando Rivas.

Rivas alikuwa na tatizo ambalo makocha wa China au Indonesia hawalijui. Kule, mchezaji namba moja akitaka mtu wa kumtoa jasho, anageuka tu kulia na kushoto: namba mbili, namba tatu na namba saba wako uwanja uleule, na kila mmoja anamtamani aanguke. Uhispania haikuwa na namba mbili wa kumsumbua Marín. Rivas akaziba pengo kwa kuwaleta wanaume wacheze naye mazoezini, wampigie kinyoya kwa kasi na uzito ambao mwanamke yeyote wa Ulaya asingeweza kumpa. Akaongeza msaidizi, Anders Thomsen, kutoka Denmark, taifa la Ulaya lenye mizizi ya kweli katika mchezo huu. Wakawepo mtaalamu wa viungo, wa nguvu za mwili na wa saikolojia. Watu wote hao, kwa binti mmoja.

Ukitaka kupima kama njia hiyo ilifanya kazi, angalia jina moja tu: Li Xuerui. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Marín alikutana naye katika hatua ya makundi akafungwa bila ubishi, na Li akaenda kuchukua dhahabu. Miaka miwili baadaye, Copenhagen, wakakutana tena kwenye fainali ya dunia. Marín akapoteza seti ya kwanza, akashinda mbili zilizofuata, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21. Mwaka 2015, Jakarta, akalitetea taji mbele ya Saina Nehwal wa India. Katika miaka mitatu, binti aliyekuwa anapigwa kwenye makundi akawa ndiye anayeogopwa.

Shamba la Gachibowli

Hyderabad hadithi inaanza na goti. Pullela Gopichand alikuwa mchezaji wa mmoja mmoja aliyeumia vibaya goti mwaka 1994 akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Mwaka 2001 akashinda All England, mashindano ambayo kwa wachezaji wa badmintoni yana hadhi ambayo Wimbledon inayo kwenye tenisi. Kabla yake Mhindi mmoja tu alikuwa ameyashinda, Prakash Padukone, mwaka 1980. Ushindi ule ulimfanya kijana mpole wa kusini kuwa jina la taifa. Kampuni ya soda ilipomfuata kwa tangazo akaikatalia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akinywa soda.

Serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ikampa eneo la ekari tano huko Gachibowli, nje kidogo ya katikati ya Hyderabad. Eneo bila jengo ni nyasi tu. Wafadhili wengi walimzungusha, wengine wakimweleza kwamba badmintoni haina watazamaji. Mwishowe akaiweka rehani nyumba ya familia, na mfanyabiashara Nimmagadda Prasad akamchangia rupia milioni 50 kwa sharti moja: medali ya Olimpiki. Akademi ikafunguliwa mwaka 2008. Miaka minne baadaye Saina Nehwal akachukua shaba London, na deni la sharti likalipwa.

Sindhu ni zao la pili. Baba na mama yake wote walikuwa wachezaji wa voliboli. Baba alikuwemo kwenye timu ya India iliyochukua shaba Michezo ya Asia ya Seoul mwaka 1986. Kwa urefu wa sentimita 179, Sindhu angeweza kuishia kwenye wavu ule mrefu zaidi kama wazazi wake. Ushindi wa Gopichand wa 2001 ndio uliomvuta upande huu. Gazeti moja la India liliwahi kuandika kwamba utotoni alikuwa akisafiri kilomita 56 kwa siku kufika mazoezini na kurudi.

Hapo ndipo penye utamu wa kisa. Uhispania ilibidi itafute wa kumsukuma Marín. Sindhu aliingia mahali ambapo Saina alikuwa tayari yupo, kiwanja cha pili, akiwa miongoni mwa wachezaji bora duniani. Alimwona kila siku akila nini, akilala lini, akikasirika vipi akikosea. Nyuma ya Sindhu wakasimama wengine. Kidambi Srikanth alitoka wilaya ya Guntur, akaja akademi pamoja na kaka yake. H. S. Prannoy alitoka Kerala, Satwiksairaj Rankireddy akatoka mji mdogo wa Amalapuram. Foleni ilianza kujitengeneza yenyewe.

Jambo moja kuhusu malezi ya Sindhu linanichekesha na kunifundisha kwa pamoja. Alikuwa mpole mno uwanjani. Gopichand akamsimamisha katikati ya kiwanja, wenzake kadhaa wakimtazama, akamwamuru apige kelele. Akaona aibu, akalia, na mwishowe akapiga. Na miezi mitatu kabla ya Rio akamnyang'anya simu. Wazazi wengi wa kwetu wangeyaita hayo malezi ya kawaida tu, lakini Gopichand alikuwa anajua binti anakwenda kukutana na nani: Marín, ambaye kelele zake zilikuwa zikisikika hadi safu ya mwisho ya jukwaa.

Mechi yenyewe

Njia ya Sindhu kufika fainali haikuwa ya bahati. Alimtoa Tai Tzu-ying wa Taiwan, akamtoa Wang Yihan wa China, aliyekuwa na medali ya fedha ya London, kisha Nozomi Okuhara wa Japani. Hakuna aliyetegemea.

Seti ya kwanza Marín aliongoza 19–16. Mchezaji wa kawaida hapo huanza kuomba mpinzani akosee. Sindhu akachukua pointi tano mfululizo, 21–19. Urefu wake ulikuwa ukimpa smashi zinazoshuka kwa pembe kali, na Marín alikuwa akizifikia akiwa amechelewa nusu hatua.

Kilichofuata ndicho kilichowatofautisha. Marín hakubadili mapigo mengi. Alibadili saa ya mchezo. Alianza kukidaka kinyoya mapema zaidi, mara nyingi kikiwa bado kinapanda, na kwa mkono wake wa kushoto akakikata kikaenda kona ambazo Sindhu hakuzizoea. Mtu mrefu anahitaji muda wa kuinama na kurudi katikati, na muda ndio alionyimwa. Kufika mapumziko ya seti ya pili ubao ulisoma 11–2. Kati ya pointi na pointi nako kulikuwa na mchezo wake: kuomba kinyoya kibadilishwe, kujifuta jasho, kuzungukazunguka, kupiga kelele. Mwamuzi aliwaonya. Wapo wanaouita ule ujanja mchafu. Mimi nauita kazi iliyofanyiwa mazoezi, maana kudhibiti mapigo ya moyo kati ya pointi ni ujuzi, na Marín alikuwa na mtaalamu wa saikolojia kwa ajili hiyo hasa.

Seti ya tatu Sindhu alipambana hadi 10–10. Kisha pumzi ikaonekana. Marín akajitenga, akamaliza 21–15, akaanguka chini akilia. Sindhu akazunguka wavu kwenda kumwinua. Kwa India ile ilikuwa medali ya fedha ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke katika mchezo wowote.

Tukiishia hapo, jibu ni rahisi: njia ya Madrid ni bora. Mtu mmoja, wataalamu wengi, kila kitu kimepimwa kwa mwili wake, na matokeo ni dhahabu. Mwaka 2018 akaongeza taji la tatu la dunia huko Nanjing, na aliyefungwa fainali alikuwa Sindhu tena.

Ukumbi wenye jina lake

Desemba 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Huelva, mji aliozaliwa Marín, ndani ya ukumbi wa michezo unaoitwa Carolina Marín. Ilipaswa kuwa sherehe ya nyumbani. Marín hakucheza. Goti la kulia lilikuwa limechanika Januari 2019 akiwa Indonesia, fainalini dhidi ya Saina, akarudi na kushinda China baada ya miezi michache. Kisha katikati ya 2021 likachanika la kushoto, akaikosa Olimpiki ya Tokyo, na Desemba mguu ulikuwa haujawa tayari.

Angalia basi nini kilitokea kwenye ukumbi ule. Upande wa wanaume, Srikanth alianza kwa kumtoa Pablo Abián, Mhispania mkongwe wa Olimpiki kadhaa. Prannoy akafika robo fainali. Nusu fainali mojawapo ikawa Wahindi watupu: Srikanth na Lakshya Sen, kijana wa miaka 20 aliyelelewa Bengaluru katika akademi ya Padukone. Srikanth akashinda, akaenda fainali, akafungwa na Loh Kean Yew wa Singapore. Kwa hiyo mji uliozaa bingwa wa dunia mara tatu uliandaa mashindano ya dunia, bingwa wake akiwa mgonjwa, na hakukuwa na mwenyeji wa kushangilia siku za mwisho. Wageni kutoka nchi ambayo Marín aliifunga Rio walikuwa wamejaa kwenye ratiba.

Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Mei 2022, Bangkok, India ilitwaa Kombe la Thomas kwa mara ya kwanza. Hili ni kombe la dunia la timu za wanaume: mechi tano, tatu za mmoja mmoja na mbili za wawili wawili. India iliitoa Malaysia 3–2, Denmark 3–2, kisha fainalini ikaizima Indonesia, mabingwa mara 14, kwa 3–0. Satwiksairaj na mwenzake Chirag Shetty, aliyetoka Mumbai, walishinda mechi yao ya wawili baada ya kuokoa pointi ambazo zingewapotezea mechi.

Kombe la timu ndilo kipimo kizuri kuliko vyote kwa swali letu, na sababu ni ya kimuundo. Bingwa wa mmoja mmoja anaweza kununuliwa kwa fedha za kutosha, kocha mkali na binti asiyekata tamaa. Timu haiwezi. Wachezaji wawili wa dabo wanahitaji miaka ya kuzoeana, na ili upate wawili wanaoelewana lazima uwe umejaribu kumi wasioelewana. Marín hata angekuwa na magoti mapya, kwenye kombe kama hilo la wanawake angeipa Uhispania pointi moja kati ya tano.

Msomaji wa Kenya anaijua hali hii vizuri kwa kuitazama Iten. Pale mkimbiaji nyota akiumia, kundi linaondoka alfajiri kama kawaida na kuna mwingine anashika nafasi yake mbele. Huelva hapakuwa na kundi.

Umaarufu upi?

Watu wakisema mchezo unapendwa huwa wanachanganya vitu. Kuna kupendwa kwa kutazama na kuna kupendwa kwa kucheza, halafu kuna kitu cha tatu ambacho sijui kama kina jina: mzazi kuamini kwamba mtoto wake akitoa miaka kumi kwenye mchezo huu hatakuwa amepotea. Marín aliwapa Wahispania cha kwanza, kwa siku chache kila baada ya miaka miwili. Walimpenda yeye. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Binti Mfalme wa Asturias ya michezo, na alistahili. Lakini mapenzi kwa mtu hayahamii kwa mchezo wenyewe hivihivi.

India ilifaulu kwenye hicho cha tatu. Mzazi wa Amalapuram alikuwa na anwani ya kumpeleka mwanawe, na kwenye anwani hiyo alimkuta mtu aliyeshinda All England, si tangazo. Ligi ya kulipwa ilianza mwaka 2013, ikaleta wachezaji wa nje kucheza na vijana wa ndani kwa pesa. Makocha wa Indonesia na Korea wakaajiriwa. Sindhu alipokuwa bingwa wa dunia Basel mwaka 2019, akimfunga Okuhara 21–7, 21–7, benchi lake lilikuwa na Kim Ji-hyun wa Korea Kusini.

Na isidhaniwe kwamba Hyderabad ni pepo. Saina aliondoka kwa Gopichand mwaka 2014 akaenda kwa kocha mwingine Bengaluru, na mwaka uliofuata akawa namba moja duniani, kisha akarudi 2017. Sindhu naye baadaye alikwenda kufundishwa kwingine. Kituo kinachozunguka jina la mtu mmoja kina wivu wake na migogoro yake, na nyota mkubwa huona kocha hana tena muda wake pekee. Hilo ndilo jambo moja ambalo Marín hakuwahi kulilalamikia. Tena foleni ya wasichana haikuwa ndefu kama ya wavulana: baada ya Sindhu, India imepata dabo nzuri ya Treesa Jolly na Gayatri Gopichand, binti wa kocha mwenyewe, waliofika nusu fainali ya All England mwaka 2022 na 2023, lakini hajatokea mwingine wa mmoja mmoja wa kulingana naye.

Kwa Afrika Mashariki, ambako mchezo huu umeishi zaidi kwenye klabu za jamii za Kiasia na kwenye kumbi chache kama Lugogo ya Kampala, njia iliyokaribiwa ni ya Madrid bila fedha za Madrid. Edwin Ekiring wa Uganda alicheza Olimpiki ya Beijing 2008 na London 2012. Kufika huko mara mbili kutoka nchi isiyo na desturi ya mchezo ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi ya matokeo. Shirikisho dogo likiniuliza, nitasema hivi: ukiwa na mtoto mmoja wa ajabu leo, mfanyie kama Rivas alivyofanya, mtafutie wanaume wa kumpigia na kocha kutoka nje, usingoje akademi. Ila bajeti hiyo isiitwe maendeleo ya mchezo. Ni bajeti ya mtu mmoja, na ikiandikwa hivyo hakuna atakayedanganyika.

Paris 2024 iliwatia wote adabu. Sindhu alitolewa hatua ya 16 bora na He Bingjiao wa China. Siku chache baadaye He huyohuyo alikuwa nyuma dhidi ya Marín kwenye nusu fainali, ameshapoteza seti ya kwanza 21–14, Marín akiongoza pia ya pili, ndipo goti la kulia likamwangusha tena Mhispania. Alijaribu kuendelea, pointi mbili, akaacha. India, pamoja na foleni yake yote, iliondoka bila medali ya badmintoni. Lakshya Sen alimaliza wa nne baada ya kuongoza mechi ya shaba.

Mwaka 2025 Gopichand mwenyewe aliwaonya hadharani wazazi wa kipato cha kati wasiwaingize watoto michezoni kama hawana mali ya kuwategemeza, kwa kuwa wanaofika juu ni wachache na wanaobaki njiani hawana ajira inayowangoja. Wengi walimshambulia. Mimi naona alikuwa anasoma hesabu za kituo chake: kwa kila Srikanth kuna vijana wengi waliosimama kwenye foleni ileile hadi umri ukawapita, wakiwa hawana medali wala shahada. Marín aliutoa mwili wake mmoja kwa dhahabu yake. Foleni ya Hyderabad inalipiwa na watoto wengi ambao hatutawasikia, na mtu anayetaka kuiga India aanze kwa kujibu nani atawalipia shule.